Jina Nililoliita Uwanjani

Jumatatu, 2 Agosti 1954
Baridi. Goti linauma tangu asubuhi — goti lilelile lililonitoa uwanjani nikawa kocha. Na golikipa wetu Kiplangat kavunjika mkono huko karakana! Nusu fainali ni Jumamosi. Kamati imesema wazi: tukishindwa, timu inatafutiwa kocha mwingine. Bila mpira mimi ni nani? Mpiga nyundo wa reli.

Rafiki yangu Gachanja, Mkikuyu, yumo nyumbani mwangu tangu Aprili, askari walipoisaka Nairobi, Wakikuyu wakapakiwa malori. Anatembea na kipande, kitambulisho chenye alama za vidole, cha marehemu ndugu yangu Khaemba. Majirani wanamjua kama huyo Khaemba, mdogo wangu kutoka Kitale. Golikipa kama yeye sijaona. Jeshini, kisha Nairobi, miaka sita nilicheza beki mbele yake.

Jumanne, 3 Agosti
Nimemwomba. Akacheka, akasema siku hizi anadaka sufuria tu. Mke wangu Nasimiyu kanifokea: mtu anajificha, wewe unamtoa mbele ya watu? Nikamwambia hajui mambo ya mpira. Jioni Gachanja kakubali.
"Haya, Wamalwa. Lakini huko mimi ni Khaemba."

Ijumaa, 6 Agosti
Mazoezi. Mikono ileile! Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi sana.

Jumamosi, 7 Agosti
Tumeshinda moja bila.
Siwezi kuandika.

Jumapili, 8 Agosti
Kanisani sikwenda. Niandike basi.

Dakika za mwisho, penalti. Ikapigwa chini, kushoto. Akaruka, akaudaka — hakuupangua, aliudaka kabisa! Nami nikaruka na goti langu bovu nikipiga kelele: Gachanja! Gachanja! Mara mbili. Askari watatu walikuwa kando ya mstari, wamekuja kutazama mpira kama watu wengine. Mmoja akageuka. Gachanja alikuwa bado amelala, ameukumbatia mpira. Akanitazama. Hakukimbia. Wakamkamata palepale golini.

Mdomo huponza kichwa. Lakini kichwa kilichoponzwa si changu!

Nasimiyu hanisemeshi. Heri angenitukana.

Jumanne, 10 Agosti
Kipkemei, karani wa polisi, kapita baada ya kazi. Alama za vidole hazikulingana na za kwenye kipande. Gachanja kawaambia kipande alikiiba kwangu, mimi sikujua kitu, yeye alikuwa mpangaji tu. Kesho nitaulizwa swali moja.
"Sema aliiba, urudi nyumbani," Kipkemei kanishauri. "Kambi ya kizuizini ataenda vyovyote. Ukikana, mtaenda wawili."

Nasimiyu akauliza nitasema nini. Nikamwambia nitasema kweli. Akainuka kunipigia pasi shati jeupe. Analia.

Jumatano, 11 Agosti
Nimo kituo cha polisi, kwenye benchi. Njiani nimekutana na mwenyekiti wa kamati. Kanishika mkono kwa furaha, kanipongeza, kasema kazi ni yangu hata mwakani. Golikipa hakumtaja.

Sasa hivi wamempitisha, na pingu. Jicho limevimba. Alisimama mbele yangu, inspekta akisikia, akasema kwa sauti, "Bwana, nisamehe. Nilikuibia." Bwana! Mimi!

Nilifungua mdomo. Jumamosi ulipiga kelele wenyewe. Leo neno halikutoka. Wakamsukuma, akaenda.

Inspekta kaniwekea karatasi magotini, imeshapigwa taipu: kipande kiliibiwa. Kasema atarudi baada ya chai. Sijatia sahihi. Kalamu ninayoandikia hapa ndiyo waliyonipa.