Kilomita Nane za Reli Isiyo na Treni

Jumamosi. Ukungu tangu alfajiri, na ile baridi ya Guangzhou ambayo sisi watu wa Mbeya tunaiita joto.

Napenda kuutangazia umma, kwa masikitiko makubwa, kwamba leo asubuhi mimi, Baba Neema, mfanyabiashara wa viatu, mwenye miaka hamsini na miwili na kitambi cha miaka kumi, nimeshindwa kumaliza mbio za kilomita nane. Sababu iliyotolewa ni kiatu. Bendera hazitashushwa.

Mwezi uliopita nilishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi za Zhanxi, soko la viatu vya jumla. Nikakaa juu ya robota la mtu mpaka mwenyewe akaja kulipakia. Nikafanya kosa la kumsimulia mke wangu kama kichekesho.

Hakucheka.

Miaka kumi na moja sasa safari za China ni zangu na duka la Mbeya ni lake. Akatoa masharti: nikikimbia kilomita nane bila kusimama, mwakani nakuja tena. Nikisimama hata mara moja, anakuja yeye, mimi nabaki dukani. Refa akamteua mwenyewe: Upendo, muuguzi wa kwetu anayesoma huku kwa ufadhili, na ambaye kwa mke wangu hana siri.

Upendo ndiye aliyenileta huku nje ya mji, saa moja na nusu kwa basi. Zamani palikuwa na reli. Wameng'oa vyuma, wakamwaga lami laini, wakaacha mataruma machache, ile miti iliyobeba vyuma, pembeni, yameota majani. Yeye akakodi baiskeli. Mimi nikavaa sampuli.

Hapa nieleze. Ukiomba sampuli kwa wenye viatu wanakupa mguu mmoja tu, usije ukaenda kuvaa. Mimi nilikuwa na wa kulia wa bluu kutoka kiwanda kimoja na wa kushoto wa chungwa kutoka kingine. Nikaona bora mbio hizi zinipimie soli kabla sijaagiza mzigo. Mwanariadha hawezi kufanya hivyo. Mtu wa Zhanxi hawezi kuacha.

"Baba Neema," Upendo akasema akiiangalia miguu yangu, "watu wakiuliza, hatujuani."

Kilomita ya kwanza niliihisi yote, mpaka kwenye meno. Ya pili niliihisi nusu. Baada ya hapo sijui vizuri. Reli haipendi kona kali wala mlima, hata ikishakufa, kwa hiyo njia inapinda taratibu na kukusogezea mambo moja moja: bwawa la samaki linalotoa moshi, migomba, bata wamepanga foleni, baiskeli inayotoka kwenye ukungu na kurudi kwenye ukungu. Nilikimbia kama mtu anayeota anakimbia.

"Baba Neema, konokono nyuma yako amewasha indiketa. Mpishe, ana haraka."

Hata hilo nililisikia kwa mbali.

Kilomita ya sita ukungu ukafunguka, na lami ikawa ya dhahabu. Wanakijiji walikuwa wameanika mpunga nusu nzima ya njia, mbele mpaka macho yanapoishia. Mama mmoja wa makamo yangu, kofia pana kichwani, alikuwa anaupindua kwa reki ya mbao. Harufu ikanijia. Harufu ya uwanja wa mama mkwe wangu kule Kyela, wiki ya mavuno.

Nikasimama.

Nikaokota punje, nikaiuma. Ikabonyea badala ya kupasuka. Yule mama akanitazama, akaokota ya kwake, akaiuma, akatikisa kichwa. Bado siku mbili za jua. Hatukuhitaji lugha.

"Umesimama!" Upendo akapiga kelele. "Nimeona, na Mungu ameona!"

"Kiatu kinabana, sista. Huu wa bluu."

Akampigia mke wangu pale pale. "Pole, mume wangu," mke wangu akasema kwenye spika, kwa sauti ya mtu ambaye tayari anatafuta begi.

Sasa ukweli, maana humu siandiki kwa ajili ya refa, na mke wangu hasomi blogu yangu. Anasema yeye ananipata mubashara.

Kiatu hakikubana. Pumzi ilikuwepo.

Miaka kumi na moja nimekuwa namwambia Guangzhou hakuna cha kuona, ni maghorofa na maboksi. Mbeya naitwa Mzee wa China. Huku nalala chumba kimoja na marobota, nakokota mizigo yangu mwenyewe, na wenye maduka wananiita laoban, yaani bosi, kama wanavyomwita kila anayepita na mkoba. Niliogopa asije akaliona hilo. Si kelele, si umbali, si nauli. Niliogopa macho yake.

Leo, na ile punje mdomoni, nilijua kabisa angefanya nini angekuwepo. Angeshaichukua ile reki, amuonyeshe yule mama mpunga unavyopinduliwa Kyela, wabishane, wacheke. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kitu kizuri namna ile, peke yangu, kwa sababu ya fahari tu.

Basi aje. Aone na chumba.

Zilibaki kilomita mbili. Ningezimaliza.