Masizi ya Chombo cha Angani

Jumatatu, 6 Julai 2009. Kashojwa
Debe la mwisho limepigiliwa. Vidole vitatu vina plasta. Chombo kimesimama nyuma ya darasa letu la kambi ya wakimbizi: tufe kubwa la fito na udongo, la kutosha mtu mmoja, juu yake madebe ya mafuta ya msaada tuliyoyanyoosha kwa nyundo. Ni mfano wa vile vya mwanzo vilivyompeleka mtu angani. Cha kweli kiko makumbusho, mbali huko. Sisi tuna picha yake tu, kwenye kitabu kisicho na jalada.

Jumamosi ni maonyesho ya sayansi Ruti, Mbarara. Sekondari inayoandaa itamsomesha bure, na bweni juu, mtoto atakayeeleza kazi yake vizuri kuliko wote. Wetu ni Neema wa darasa la saba. Nyumbani kwao ada haipo wala haitakuwepo. Naitaka nafasi hiyo kuliko chakula.

Jumatano, 8 Julai
Madebe yanang'aa mno. Kwenye picha chombo kimeungua, na makumbusho wamekiacha kama kilivyorudi. Nimemwita Mama Rukundo, mfugaji tangu kwetu Kivu, fundi wa kufukiza vibuyu vya maziwa. Kakizunguka na moshi wa nyasi kutwa nzima. Masizi yameshika sawasawa, chini meusi tititi. Nampenda huyu mama.

Ijumaa, 10 Julai
Nimekasirika. Nilikwenda Base Camp, kwenye ofisi za kambi, kufuata kibali cha safari. Narudi, wamama wa kanisa wamekisugua chombo chote kwa majivu na mchanga. Cheupe! Kiongozi wao anatabasamu: "Mwalimu, haiwezekani kupeleka sufuria ya moshi mbele ya bageni."

Ningemlaumuje? Binti zangu mwenyewe nimewalea hivyo hivyo, vyombo ving'ae mgeni akija. Nikawaonyesha picha. Wakaitazama, wakatazamana, wakaenda kukata nyasi. Mama Rukundo kawapanga na kuwafokea kama ndama. Saa kumi na moja jioni kilikuwa cheusi kuliko juzi.

Jumamosi, 11 Julai. Mbarara
Tumeshinda. Naandika tena: tumeshinda.

Shule nyingine zilileta vitu vilivyopakwa rangi. Watu walitucheka. Mwamuzi mmoja, askari mstaafu, akamuuliza Neema kwa Kiswahili cha jeshini: "Hii kitu, nani alichoma?"

Neema akajibu: "Ni hewa, mzee. Ilishuka mbio mingi mpaka hewa ikaiunguza. Mutu wa ndani akapona. Njo maana kule makumbusho, fasi banaitunza, habaisugue."

Mzee akavua kofia, akachungulia ndani, akaingia, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka nilijua. Nililia mbele ya watu na sijali.

Jumapili, 12 Julai. Kashojwa
Ibada, kisha usingizi. Mama Neema alikuja mchana. Kikombe cha chai kilimpoea mkononi. Kwao wanalala sita kwenye mkeka mmoja.

"Mwalimu, kitanda ya kule, atalala yeye moja?"

Nikamwambia ndiyo, peke yake. Akaomba niseme tena. Nikasema tena.