Ngazi ya Pili Inataka Macho

Jumatatu, 3 Machi

Nimechomoa waya wa chaji saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Betri imejaa. Nimefuta vioo, taa, kamera ya mbele, kamera za pembeni. Kamera nazifuta mara mbili siku hizi.

Nimempeleka Injinia Koku mpaka Benaco kukagua kisima, nimemrudisha Ngara. Ndiye mkuu wa mradi wetu wa maji. Anakaa kushoto kwangu kila siku. Hajui.

Wakati wa kuingia getini niligonga toroli. Lilikuwa kushoto. Nikasema mguu uliteleza kwenye breki. Mlinzi akacheka.

Jicho la kushoto limebaki na tundu dogo tu la katikati. La kulia lina ukungu pembeni. Januari daktari wa macho aliniambia wazi: ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, matone yatachelewesha kilichobaki, usiendeshe tena. Nikamwitikia ndiyo. Nikatoka nje, nikawasha gari, nikaenda kazini.

Yusta mke wangu sijamwambia. Chupa ya matone natembea nayo mfukoni.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Kanisani asubuhi. Padri alinyoosha mkono kunipaka majivu. Sikuuona ulikotokea. Nikaruka kama mtu aliyepigwa. Watu wakageuka.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Naogopa sana.

Zaidi ya miaka thelathini kwenye usukani. Nilianza na boza la maji kambini Benaco, wakati wakimbizi wamejaa mpaka nyasi za kilimani hazionekani. Sijawahi kumwangusha mtu. Kila anayenijua ananiita Evarist Dereva. Nikitoa hilo la pili sijui kinabaki nini.

Alhamisi, 6 Machi

Safari ya Biharamulo. Barabara kuu ina mistari mipya, myeupe. Nilibonyeza kitufe, gari likashika usukani lenyewe. Likapunguza mwendo nyuma ya lori, likaongeza njia ilipokuwa wazi. Mikono yangu ilikuwa imeegeshwa tu.

Kabla ya Nyakahura picha ndogo ya bodaboda ilitokea kwenye skrini, upande wa kushoto. Gari likasogea kulia kidogo, likapita. Barabarani hiyo bodaboda sikuiona kabisa. Niliiona kwenye skrini tu.

Nikatokwa na machozi. Injinia akauliza kama ni vumbi. Nikasema vumbi.

Gari hili linaona kushoto. Nimepata macho.

Ijumaa, 7 Machi

Mafunzo. Fundi wa kampuni iliyotuuzia gari amekuja kutoka Dar. Anaitwa Halima, ana umri wa binti yangu wa kwanza. Ametuweka madereva watatu darasani.

Kasema magari haya yana ngazi. Ngazi ya sifuri, kila kitu ni dereva. Ya kwanza, gari linakusaidia jambo moja, mwendo au usukani. Ya pili, yote mawili kwa pamoja, lakini macho ni yako, muda wote. Ya tatu unaweza kutazama kwingine, ila likikuita uitike. Ya nne halikuhitaji, mradi liko katika eneo lililopangiwa. Ya tano halikuhitaji popote duniani.

Letu ni la ngazi ya pili.

Niliuliza gari la ngazi ya nne litafika lini huku. Wenzangu wakacheka. Halima hakucheka. Alisema, "Mzee wangu, hata hayo yaliyopo nchi za wenzetu yanazunguka mji fulani tu. Huku mistari yenyewe barabarani iko hapa, pale haipo." Kisha akatugeukia wote. "Hili ni msaidizi, si dereva. Likitokea la kutokea, jina litakaloandikwa ni lako, si la gari."

Wenzangu wanataka la nne ili wasinzie. Mimi nalihitaji. Tofauti kati ya ngazi ya pili na ya nne ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Nyamahanga. Baada ya kuacha lami gari lililia mara moja, likaniachia usukani. Hakuna mistari, hakuna msaada. Nikaendesha kwa kumbukumbu. Kona ya mkaratusi, kalavati, kona ya shule. Shati lililowa mgongo mzima.

Wakati wa kurudi nilikuwa peke yangu, Injinia amebaki kwenye mkutano. Pale penye lami iliyonyooka, bila gari mbele wala nyuma, nilifumba macho makusudi. Nilitaka kujua. Kuna kamera juu ya usukani inayomchunga dereva. Gari likapiga kelele kama limeumwa. Nikafumbua, likanyamaza.

Kwa hiyo linatambua jicho lililofumbwa. Jicho lililo wazi ambalo halioni, hilo halitambui. Linaniamini.

Nilifanya upumbavu. Nimejichukia siku nzima.

Jumatano, 12 Machi

Yusta amejua. Alikuwa anafua suruali yangu, chupa ikaanguka. Aliniita ndani akafunga mlango.

"Tangu lini?"

Nikasema Januari.

"Na unabeba watu?"

Nikamweleza kuhusu gari. Kamera, mistari, bodaboda. Nilieleza vizuri kuliko Halima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama kushoto kwangu. Akauliza, "Nimeinua vidole vingapi?"

Sikujua hata kama ameinua mkono.

Amesema niende kwa Injinia kesho. Nimesema nitaenda. Ni uongo. Najua ni uongo hata ninapouandika.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemgonga mtu.

Asubuhi, Kasulo, siku ya soko. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Lori lilitupita likaturushia tope mbele yote; wipa zikafuta kioo. Gari lilikuwa linajiendesha. Skrini ikabadilika rangi, ikalia. Nilidhani ni onyo la mkanda. Wallahi, hapana, nisiape. Sikujua ni nini. Nilikuwa natazama mbele, mbele palikuwa peupe, hapakuwa na kitu.

Injinia akapiga kelele, "Mzee! Mama! Mama!" Akarukia usukani.

Kioo cha pembeni kilimpata yule mama mkononi. Akaangukia mtaroni na kikapu chake. Maharage yalitapakaa kwenye maji. Nilipofika alikuwa amekaa, ameshika mkono wake, analia kwa Kihangaza, anamwita mama yake. Mwanamke mtu mzima, anamwita mama yake.

Tulimkimbiza hospitali. Mfupa wa mkono umevunjika mahali pawili. Anaitwa Anatolia. Anaishi hapo hapo Kasulo, mjane.

Trafiki alipouliza, Injinia alijibu kabla yangu. Alisema aliona skrini ikizima, mfumo umekufa ghafla. Trafiki akanitazama. "Ni kweli, mzee?"

Nikasema ni kweli. Nikatia sahihi.

Jumamosi, 15 Machi

Sijala. Yusta hanisemeshi. Ananiwekea chakula upande wa kulia, ndiyo maneno yake yote.

Jumatatu, 17 Machi

Halima amepiga simu kutoka Dar. Amesoma kumbukumbu za gari. Kamera ilizibwa na tope, gari likatoa onyo, likasubiri, likaachia usukani. Lilifanya lilivyotengenezwa. Lakini kuna jambo halielewi.

"Mzee, kamera ya ndani inaonyesha ulikuwa unatazama mbele. Hukusinzia, hukushika simu. Mbona hukumkwepa?"

Akajijibu mwenyewe, labda ni mshtuko, hutokea. Ataandika kwamba onyo halikuwa na sauti ya kutosha.

Nimeokoka. Kazini hakuna mtu hata mmoja anayenishuku.

Jumanne, 18 Machi

Ofisi imeamua. Gari la umeme lisimamishwe mpaka lichunguzwe. Kuanzia kesho kutwa nitaendesha lile la zamani la dizeli. Injinia, mafundi wawili na muuguzi wa chanjo aliyeomba lifti, mpaka Biharamulo.

Lile la dizeli ni ngazi ya sifuri. Halina kamera wala skrini. Kila kitu ni dereva.

Injinia alinipa ufunguo mwenyewe. Akanishika bega. "Pole, Mzee Evarist. Bora hili, halina ujanja. Hapa nakuamini wewe."

Nimeutia ufunguo mfukoni, pamoja na chupa ya matone.

Nikisema, nimekwisha. Nisiposema, kesho kutwa nitaua mtu. Naandika hapa nione kama kuna njia ya tatu. Nimekaa saa nzima. Haipo.

Jumatano, 19 Machi

Nilimkuta Injinia ofisini saa mbili. Nikaweka ufunguo mezani. Nikasema, "Gari halina kosa. Mimi sioni."

Hakuelewa. Nikaeleza tena. Presha ya macho. Daktari. Januari. Toroli. Niliendelea kusema kwa sababu ningenyamaza ningekimbia.

Injinia akasema, bila kupaza sauti, "Umenibeba hivyo mara ngapi?"

"Kila siku."

"Nina watoto wawili, Mzee Evarist."

Akageukia dirishani. Nilitegemea matusi, ningeyapokea. Hakutukana. Aliniambia nikae, akaniletea karatasi, akaniambia niandike yote kwa mkono wangu. Nikaandika. Mistari ilipanda, akanielekeza mahali pa kurudi. Kisha tukaenda pamoja kwa trafiki, yeye akiendesha. Nilikaa kushoto, mahali pake.

Leseni wameichukua. Kesi itakuwepo. Trafiki aliisoma karatasi yangu mara mbili akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Yusta alinikuta nimekaa kitandani. Akanivua viatu. Ndipo nikalia, kwa sauti, kama mtoto.

Ijumaa, 21 Machi

Hospitali. Yusta amenisindikiza. Anatolia bado amelazwa, mkono una hogo la plasta mpaka begani. Nilimsalimu, nikamwambia yote. Nikasema gari lilikuwa linanionyesha njia, mimi nikajua siku likishindwa nitashindwa, nikaendesha.

Alimtazama Yusta badala yangu. "Huyu ni mume wako?"

"Ndiye."

"Na wewe ulijua?"

Yusta akasema alijua siku mbili kabla. Anatolia akafumba macho. Hakutusamehe. Alisema ana maharage machanga shambani, na magugu yanayasonga, na hana mkono. Basi.

Jumatatu, 24 Machi

Kasulo, kwa Anatolia. Tulifika kwa miguu kutoka kituoni, Yusta mbele, mimi nimeshika ncha ya kanga yake. Anatolia ameruhusiwa hospitali juzi. Alikaa mlangoni kwenye kigoda.

Tulipalilia toka asubuhi. Yusta na jembe, mimi kwa mikono, nimepiga magoti. Maharage na magugu nayatofautisha kwa kugusa. Jani la maharage lina vinyweleo. Nilikosea machache, nikayarudishia udongo. Udongo ulikuwa na unyevu mzuri.

Saa sita Anatolia aliita. Mara ya kwanza kunisemesha siku nzima.

"Umeruka mstari mzima. Huko kushoto."

Nikarudi mwanzo wa mstari, nikaanza.