Mtoto Asiyeachwa Kulia

Mwingi, Jumatano

Mwaitu mpendwa,

Nakusalimu wewe mama yangu uliyenizaa na hujawahi kujuta, hata kama ukikasirika unasema unajuta. Huku mimi na mke wangu Mwende tuko wazima, na mume wako mdogo, mjukuu wako Nzioka, amelala hapa kando yangu, amenuna usingizini vile marehemu baba alikuwa ananuna akisikia bei ya mbaazi. Wewe je, kikohozi kimeisha ama bado unakificha ndio usikose kwaya? Na mbaazi, mmevuna nyinyi ama wamevuna ndege?

Mbithe dada yangu, wewe ndiye unamsomea. Soma yote, hata pale ninapomsema. Nimeandika kwa karatasi nikapiga picha nikakutumia kwa simu, kwa sababu mama ukimpigia hasikilizi, anajibu. Hii hawezi kuikatiza. Yule mwalimu wa Kiswahili niliyemwacha nikiwa kidato cha pili, kabla hajaniacha yeye, akiona mwandiko huu atatafuta kitambaa cha kufuta machozi.

Sasa mwaitu. Jumapili uliniambia Mwende akifika na mtoto Jumamosi, akina mama wa kanisa watawapokea kwa vigelegele, kuna hema, kuna spika mbili, na pasta atamwombea kwa maikrofoni. Nikakwambia huyu mtoto haachwi kulia. Ukanijibu, "Watoto watano nimelea, wote walilia, na wewe uliwashinda. Ulikuwa na mapafu ya punda. Mwache mtoto alie, asizoee deko." Halafu ukakata simu. Tangu hapo silali vizuri, kwa hivyo leo nisikilize mpaka mwisho.

Daktari wa Nairobi ni msichana tu, nikadhani ni mwanafunzi, lakini alituchorea moyo wa Nzioka kwa karatasi mpaka nikauona. Kuna tundu katikati, na bomba la kupeleka damu kwa mapafu ni jembamba. Akilia sana lile bomba linajibana zaidi, na damu inazunguka mwilini bila hewa. Atafanyiwa oparesheni akiongeza uzito kidogo. Nikamuuliza, "Kwa hivyo kijana wangu amepewa na serikali ruhusa ya kudekezwa?" Hakucheka. Akasema, "Kulia kidogo si neno. Kulia mpaka abadilike rangi ndiko hatari. Akibadilika, mkunje magoti yafike kifuani, umshike hivyo, na mumkimbize hospitali." Akatufanyisha mazoezi mimi na Mwende, mmoja baada ya mwingine, na mwanasesere wa plastiki.

Mimi unanijua. Nilirudi hapa plotini nikawafundisha majirani wote, wanaotaka na wasiotaka. Nilitembea na habari ya magoti mdomoni kama mtu anagombea udiwani.

Basi wiki iliyopita Mwende alienda kuchota maji. Nilikuwa nimetoka tu kupakia mbuzi kwa lori la mzee wa Mama Halima, wale jirani zetu wa kutoka upande wa Garissa, na mikono ilikuwa inanuka beberu. Mtoto akaamka na njaa. Huwa namnyamazisha kwa kulia kama mbuzi, na si kujisifu mwaitu, hata mbuzi wenyewe hunijibu. Siku hiyo alikataa. Fundi wa viti wa mlango wa pili akaniambia, "Mwache alie, apanue kifua, huyo ni mwanaume." Maneno yako kabisa. Nikasema acha ninawe mikono kwanza.

Nilipomshika midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau lililoiva. Halafu kucha. Halafu akanyamaza, na hapo ndipo niliogopa, kwa sababu hakuwa ametulia. Alikuwa anavuta pumzi ndefu ndefu, za haraka, kama mtu amepanda mlima, na macho yananipita kama sipo. Mwaitu, mimi nikishika dume pembe moja linajua limeshikwa. Lakini mikono hii ilikuwa pale na haikufanya kitu. Nilikuwa naita tu, "Nzioka, Nzioka," kama mtu yuko ng'ambo ya mto.

Mama Halima akatokea mlangoni. "Kioko! Magoti! Si ulituchosha na magoti?"

Ndio nikamkunja. Nilimbana magoti kifuani vile unakunja sweta liingie kwa sanduku dogo, na Mama Halima akashikilia mguu mmoja usiteleze. Midomo yake ilikuwa inasoma dua bila sauti, lakini mkono haukuachilia. Sijui ilichukua muda gani. Rangi ilirudi polepole, ikaanzia midomoni. Mzee wake akatupeleka hospitali na pikapu, Mwende amepanda nyuma na ndoo bado iko mkononi. Mtoto akawekewa oksijeni, na Nairobi wamesema sasa watamwita mapema, nafasi ikipatikana tu.

Ndio maana nawatuma kwako. Kesho kutwa nitaenda kaskazini na lori, na Mwende hapa atabaki peke yake. Huko kwenu mko wawili, na mkiitwa Nairobi ni kutokea tu hapo Sultan Hamud mshike barabara kubwa. Daktari amekubali safari. Lakini mimi sitakuwepo, mwaitu. Mikono itakuwa ni yako.

Kwa hivyo spika hapana. Hema iacheni, ni kivuli. Akina mama wa kanisa waambie nawapenda, waimbe wiki nyingine. Ukitaka kumtemea mate ya baraka kifuani, mteme, ni haki yako, lakini wewe peke yako na polepole, asishtuke. Akiamka anyonyeshwe kabla hajaomba. Akianza kulia abebwe hapo hapo, hata kama ugali unaungua. Mbithe, chukua ule mto wa kiti umfanyishe mama kukunja leo jioni, halafu kesho tena. Akisema anajua, mfanyishe tena.

Nisalimie kaka yangu mkubwa anayekaa mjini Wote, mwambie pikipiki yake ijae mafuta kuanzia Jumamosi na asiniulize sababu. Nisalimie shangazi, yule wa kusema mtoto ameangaliwa kwa jicho baya. Mwambie ni kweli ameangaliwa, na daktari, kwa mashine. Pasta naye msalimie kwa heshima, mwambie maombi tunayataka sana, lakini kwa sauti ya nyumba iliyo na mgonjwa ndani.

Na wewe mwaitu, nakujua. Jambo likikuzidi, unaanguka chini unamwita Mungu, na sisi wote tumelelewa na hayo maombi. Lakini ukimwona Nzioka anageuka rangi, nakuomba kama mtoto wako: kunja magoti yake kwanza. Yako utayapiga baadaye.

Ni mimi mwanao,
Kioko