Neno la Mkate na Ukuta wa Jiko

Mpendwa Mama Lusajo,

Leo nimekula wali nje, nimeegemea ukuta wa jiko lako. Najua utauliza mwalimu mzima anatafuta nini jikoni. Tulia nikusimulie.

Unalikumbuka lile neno la Kiingereza, company? Ulikuwa unapepeta mchele. Mimi nilikuwa nimestaafu juzi tu, sina tena darasa, basi darasa likawa wewe. Nikakueleza kwamba Waingereza huliita hivyo shirika la biashara, na kikosi cha askari, na hata mgeni aliyekuja kukaa nawe jioni. Nikasema asili yake ni Kilatini: watu wanaokula mkate pamoja. Ukapuliza makapi, ukasema, "Mwalimu, hawa wa kampuni wanachukua kakao yetu kila msimu, mbona hata andazi sijaliona?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Baadaye kidogo ukasema, "Kumbe na wao wana ukwangala." Nikakujibu ndivyo, ila wa kwetu ni wa wali na ndizi: kukaa na wenzako, chakula katikati, mazungumzo yasiyo na haraka.

Tangu uondoke sina ukwangala, Mama Lusajo. Chakula ninacho. Mkamwana wetu Atupele hajaniacha na njaa hata siku moja. Lakini mila unaijua, baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani. Anaweka sinia kwenye kigoda mlangoni, anakohoa, anakwenda zake. Nikitoka nakuta mvuke tu. Mimi nakula sebuleni na viti vitupu, yeye anakula jikoni na mtoto. Ulipokuwepo, ulikuwa unatoka huku unaingia kule na maneno ya pande zote mbili, nyumba ikachangamka. Na wewe uliyapitia hayo hayo. Siku ile baba yangu alipotokea ghafla njiani, ukajitupa migombani na ndoo yako kichwani, maji yote yakakumwagikia. Mzee akapita anatazama mawingu.

Juma lililopita Lusajo alipiga simu, yuko safarini na lori lake kama kawaida. "Baba, Atupele anaomba arudi kwao Ndandalo. Anasema nyumba imekuwa kimya mno." Siku zote hizi nilidhani upweke ni wangu peke yangu, kumbe na binti wa watu unamtafuna pale jikoni. Wakiondoka, nitabaki na kuku na redio. Niliogopa, nakuambia kweli.

Basi leo mchana alipokohoa, nikabeba sinia na kigoda, nikazunguka mpaka nyuma ya jiko. Nikakaa, mgongo ukutani, nisimwone wala asinione. Kuvunja mila siwezi, nimezeeka nayo. Kwa hiyo nikamsemesha mjukuu, ambaye hata kutembea bado.

"Tumpe, mwambie mama yako dagaa wa usipa wa leo wamekolea. Ndaga fijo, asante sana."

Ni jina lako. Mtoto amezaliwa baada yako, tukampa lako, na mimi humwita mjukuu tu. Tangu tulipokuzika sikuwa nimelitamka kwa sauti. Machozi yakanidondokea kwenye wali.

Mle ndani nikasikia mwiko ukiwekwa chini. Nikajua nimeharibu, sasa hata kesho hatangoja, atarudi kwao leo leo. Nilikuwa nainuka nirudi sebuleni na aibu yangu nilipoisikia sauti yake, ya chini, ya mtu anayepima maneno.

"Tumpe, mwambie babu kesho tunapika ndizi za mbalaga. Asile kule sebuleni, zitapoa."

Habari za Ndandalo sijamuuliza mtu. Kesho yupo, na keshokutwa nitamuuliza Tumpe.

Nilimaliza wali wote, nikageuka nikusimulie, kama nilivyozoea. Ukuta wa jiko ni wa matofali, sauti inapita. Wako ni wa udongo, na mimi na wewe hatuna mtoto wa kukaa katikati atupelekee maneno. Ndiyo maana nimeandika.

Pumzika, mke wangu.

Mwenzako wa sinia moja,
Baba Lusajo