Kijana Yuko Bafuni Anaoga

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kando ya dirisha,
Jumapili alasiri, mvua inanyesha.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na wanao, wale wanaonisalimia kwenye simu kwa kunong'ona kana kwamba shangazi yao anang'ata, hawajambo? Mgongo wako uliokuwa ukiuma kwa kuinua wagonjwa hapo hospitalini umepata nafuu? Tafadhali jibu yote. Wewe ukiulizwa maswali matano hujibu moja, mengine unasema utapiga simu.

Sisi ni wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, kisha linasahau. Mimi bado niko na pasi yangu na nguo za watu. Kazi ya dobi haiishi, maana watu hawaachi kuchafuka. Dada Redio mwili mzima, ila moyo ndio uliokuwa umelala chali, na habari zake ndizo zilizonikalisha nikuandikie kwa kalamu. Kwenye simu ungenikatiza.

Najua uliambiwa kwamba alishindwa kwenye kile kipindi cha chemshabongo cha runinga. Hukuambiwa alivyoshindwa, kwa sababu mimi na yeye tulikula kiapo cha kunyamaza. Leo nakivunja.

Jina la Redio ulimpa wewe, kwa kuwa hazimiki. Hata pale duka la dawa anakofanya kazi, mteja anayefuata dawa ya kikohozi huondoka anajua pia mlima upi ni mrefu kuliko upi. Ndiyo maana tulimsukuma aende. Zawadi ya mshindi ilikuwa tiketi mbili za ndege, kwenda na kurudi, popote atakapo. Nyumbani hakuna aliyeuliza popote ni wapi. Ni kwako, yeye na Mama, Mama akawashike wajukuu anaowajua kwenye kioo cha simu tu. Mwenyewe alijifanya hajali, lakini nilimfuma akimuuliza jirani kama ndani ya ndege mtu anaruhusiwa kuvua viatu.

Siku yenyewe sebule ilijaa majirani, wengine hata hatujawahi kuazimana chumvi. Kule studioni, tukimtazama kwenye runinga, Redio alivaa gauni la bluu nililolipiga pasi mimi. Akayapita maswali ya mito, ya mifupa, ya sayari, kama mtu anayemenya ndizi. Mpaka akabaki peke yake, na swali la mwisho.

Lilikuwa swali la fasihi. Mtangazaji, yule mwenye tai fupi, aliitaja riwaya ya mwana wa fundi saa, yule kijana anayeondoka kwao kwenda kutafuta maisha na kumwacha mama yake peke yake. Akauliza: katika ukurasa wa mwisho, mama anakifanyia nini kitanda cha mwanawe?

Kaka, nilirukaruka kama nimekanyaga kaa la moto. Kitabu hicho! Marehemu Baba alitusomea pale pale sebuleni, sura moja kila jioni, mimi na Redio tumelala kwa matumbo kwenye mkeka. Nikamwona Redio anatabasamu. Kanuni zao zinamruhusu mshindani kumpigia simu mtu mmoja, naye kwa kutaka raha tu akanipigia mimi. Mama akanivuta mkono, anataka kusema kitu. Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza!" Nikamjibu Redio bila kumeza mate kwamba mama anakitandika kile kitanda, shuka safi, mto mpya.

Redio hakutosheka na jibu. Unamjua. Akaongeza kwamba kijana amesharudi nyumbani, yuko bafuni anaoga, anaimba kwa sauti mbaya, na mama anatandika huku akicheka. Majirani wakapiga vigelegele. Mtangazaji akaitazama karatasi yake, akamtazama Redio, akauliza, "Anaoga?"

Watu wa studioni wakaangua kicheko. Jibu lao lilikuwa kwamba mama anampa seremala kitanda akivunje, mbao zake zitengenezwe benchi. Kijana harudi kamwe.

Sebule ilinywea. Majirani wakakumbuka wameacha vyungu jikoni. Tangu hapo wateja wangu hawanihurumii. Mtu anakuja kuchukua shati lake na kuuliza kama yule kijana ameshajifuta maji. Nami nawajibu bado anatafuta sabuni. Lakini Redio hakucheka. Alikwenda kazini na kurudi bila neno, akawa anakula chumbani. Siku moja akasema kwamba Baba alitudanganya, na kwa ajili ya uongo wake Mama hatawaona wajukuu. Ilinichoma. Sikuwahi kumsikia mtu akimsema Baba vibaya ndani ya nyumba hii.

Mimi sikukasirika, nilishikwa na hamu ya kujua. Nikaenda maktaba nikakiazima kitabu. Ni kweli: kitanda, seremala, benchi. Nikaulizia na kile cha mwizi wa kengele ya stesheni, unakikumbuka? Kwa Baba, mwizi aliirudisha kengele akaandikwa kazi ya kuipiga. Kwenye kitabu amefungwa maisha! Miaka yote hii namjua kama mtu aliyetubu. Nikajaribu cha tatu, kile cha mjane na punda, nacho hakikufanana. Nikajiuliza, baba gani huyu anayepindua kila kitabu?

Nikamwendea Mama, akanitazama kama mtu aliyechelewa kuulizwa. "Ndicho nilichotaka kukwambia siku ile, ukaniambia ningoje," akasema. "Vile vitabu havikuwa na mwisho."

Baba, kama ujuavyo, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kiwandani. Kumbe pale kurasa zilikuja zimekunjwa mafungu mafungu, wao wakayapanga na kuyashona. Mashine ikiruka fungu la mwisho, kitabu hakiuziki, na fundi aliruhusiwa kukichukua. Vitabu vyote vya nyumbani kwetu, Kaka, vilikuwa vya aina hiyo. Ndiyo sababu alitukataza kuvigusa eti tuna mikono ya mafuta. Alifika ukurasa wa mwisho uliokuwepo, akaendelea kufunua makaratasi meupe aliyoyashonea mwenyewe, macho chini, sauti ile ile. Tulipojifunza kusoma, mchwa walikuwa wameshavimaliza. Na nani anahangaika kusoma upya kitabu ambacho mwisho wake anaujua?

Mama akasema wewe ndiwe uliyeanza. Ulipokuwa mdogo, kabla sisi hatujazaliwa, alikusomea kitabu cha kwanza namna hiyo, akafika ukingoni akakwambia kimeishia hapo. Ulilia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Baba akakichukua tena akasema, "Loo, kumbe kurasa zilinatana," akakutungia mwisho palepale, ukalala. Unakumbuka? Ulijua? Nataka sana kujua kama ulijua, maana wewe ulikuwa mkubwa na ulikuwa na macho.

Nikamuuliza Mama, na hiki cha mwana wa fundi saa? Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Kisha akasema hicho Baba alikileta mwaka ule ulioondoka wewe.

Hapo ndipo niliposhtuka, Kaka. Katika nyumba hii nani alikuwa anaoga akiimba kwa sauti mbaya, mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta? Tulimsikia Baba akiurudia mwisho ule jioni nyingi, tukacheka, na hata siku moja hatukujua anamsoma nani.

Jioni ile Mama akaniomba nimsomee mwisho wa kweli. Nikamsomea, mpaka kwenye benchi. Alisikiliza vizuri, hakulia. Akasema, "Kimeandikwa vizuri. Sasa nisomee wa baba yenu." Nikamwambia, Mama, huo haupo popote. Mara nikasikia sauti mlangoni. Redio amesimama na sahani yake mkononi, anausema, neno kwa neno: hodi, begi chini, maji ya moto, sabuni, wimbo, shuka. Alipofika kwenye mto hakuweza kuendelea, Mama akammalizia. Tulilia wote watatu, kisha tukala pamoja. Redio hajamsema Baba tena, na jana alimweleza mteja habari za figo kwa muda mrefu, kwa hiyo amepona.

Sasa nisikilize, na usikunje uso. Ulipokosa kuja kumzika Baba hatukukulaumu, karatasi zako za kuishi huko zilikuwa bado. Ulisema mwenyewe kwamba sasa zimekamilika. Ulisema pia utakuja kazi zikipungua, na kazi za wauguzi hazipungui, kama vile za dobi. Tiketi zetu tumezikosa mbele ya watu wote. Mama hawezi kuja kwako. Goti lake ninalolitaja kwa mzaha si la mzaha. Mimi nakukumbuka mpaka kifua kinauma, lakini siombi kwa ajili yangu.

Mtangazaji alisema jibu letu si sahihi. Kwa kitabu chao, sawa. Njoo, Kaka. Njoo na wifi na watoto, au hata peke yako na begi moja. Kitanda chako kipo, hakuna seremala aliyekigusa. Mama amekitandika tangu juzi, na hajasema kwa nini.

Mpe wifi salamu zangu, wabusu wanao. Redio anakusalimu, na anauliza kama huko theluji inaanguka usiku zaidi au mchana. Mama anakuombea kila alfajiri, akikutaja wa kwanza. Mungu akufunike kwa rehema zake na akufungulie njia.

Mdogo wako akupendaye na anayekusubiri,
Kiroboto.