Spinachi ya Maji ya Udhu

Ijumaa, 7 Oktoba 2016
Khutba ya tatu kuhusu israfu. Nimeeleza jinsi Mtume alivyotawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Lugha fasaha, hoja zimepangika. Mvua imegoma, mtaa wetu wote wa Bertrams una vizuizi vya maji. Waumini walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaenda nyuma ya msikiti kutazama bustani.

Bustani ni ya Bi Zaituni, msusi kutoka Bujumbura. Ameunganisha paipu kutoka mahali petu pa kutawadhia hadi kwenye matuta ya spinachi. Hakuniuliza. Ninaona wivu. Niliandike neno lenyewe.

Jumapili, 16 Oktoba
Amefunga kopo la maziwa kwenye kila bomba la udhu, na watu wanatawadha kwa kopo moja. Miaka miwili nimehimiza. Yeye amehitaji kamba tu.

Nilimpongeza, kwa kinywa. "Ustadhi, wewe uko na maneno," alisema. "Mimi niko na paipu tu." Wanawake wakacheka.

Ijumaa, 28 Oktoba
Baada ya swala Mzee Hamisi, fundi cherehani wa Jeppestown, aliuliza mbele ya wote: mboga iliyomwagiliwa maji tuliyokwisha kutawadhia, inaliwa?

Jibu nalijua tangu chuoni. Maji hayo hayatawadhiwi tena, lakini si najisi. Mboga ni halali.

Nikasema: "Suala linahitaji utafiti." Maneno matatu. Nilifurahi. Naona haya kuliandika hili, lakini nilifurahi.

Jumatano, 9 Novemba
Paipu imezibwa kwa kitambaa. Spinachi imelala. Hakuna aliyetoa amri, wananingoja mimi. Kapu la mboga ambalo Bi Zaituni huwapelekea wajane kila wiki halijatoka wiki hii.

Bi Zaituni alinikuta mlangoni. "Utafiti umefika wapi, Ustadhi?" Hakuwa na kejeli. Afadhali angekuwa nayo.

Ijumaa, 11 Novemba
Khutba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa. Mboga ni halali, na siku ile nilijua. Sababu ya kunyamaza sikuitaja.

Mzee Hamisi, akivaa viatu: "Eish, Ustadhi. Wiki mbili unatafiti kitu kilicho kichwani mwako."

Jumamosi, 19 Novemba
Nimetawadha kwa kopo kabla ya Alasiri. Yametosha, na kidogo yakabaki. Maji yalipita kwenye paipu iliyozibuliwa, chini ya ukuta, kwenda bustanini kwa Bi Zaituni. Nikayasikiliza mpaka yakanyamaza.

Tuta la kwanza lina majani mapya. Bado namwonea wivu.

Na yale maji yaliyobaki koponi nimeyamwaga, yaende kwenye matuta yake.